Mshororo wa Herufi 14: Fani ya Sumu ya Upele wa Viazi

Mshororo wenyewe ni huu:

TGGGAGC GCTCCCA

Nafasi ya katikati nimeiweka mimi, kwa mazoea ya msomaji wa mashairi asiyeweza kuona mstari mrefu bila kutafuta mahali pa kuvuta pumzi. Katika maandishi ya asili herufi zote 14 zimeshikana. Zimo katika DNA ya Streptomyces scabies, bakteria wa udongoni anayevitia viazi upele, na kazi yake ni ya kitasa. Juu ya herufi hizi, au nyingine zinazokaribiana nazo sana, huketi protini iitwayo CebR. Ikishaketi, jeni za sumu zilizo jirani hazisomwi.

Soma kutoka kushoto. Kisha kumbuka kwamba DNA ina nyuzi mbili, na kila herufi ina mwenzake wa kudumu upande wa pili: A hukaa na T, G hukaa na C. Andika uzi wa pili, uusome kwa mwelekeo wake, yaani kuanzia kulia. Utapata TGGGAGC GCTCCCA. Mshororo uleule. Mtunzi wa shairi la arudhi huhangaika usiku kucha apate kina cha kati na kina cha mwisho. Hapa kila herufi ya ukwapi ina kina chake katika utao, na hakuna hata moja iliyobaki mjane.

Ulinganifu huo una sababu. CebR hushika DNA ikiwa jozi: protini mbili zinazofanana, zikitazamana, kila moja na kipande chake cha kushikilia. Vitu viwili vinavyotazamana hutaka maandishi mawili yanayotazamana. Vuruga kipande kimoja na kitasa kinalegea.

Darasani tulifundishwa mifano miwili ya uhusiano wa fani na maudhui. Wako waliosema ni kikombe na chai, wakaja wengine wakasema ni pande mbili za sarafu moja. Mwenye kikombe huamini kwamba chai ni ileile hata ukiimimina kwenye bilauri. Nimeusoma utungo huu wa udongoni kwa muda sasa, na kila nilipojaribu kuimimina chai yake sikuona kilichomwagika. Kuanzia kitasa hadi jeraha kwenye ganda la kiazi, ni umbo linaloshughulika na umbo. Uhakiki huu unafuata hatua hizo moja baada ya nyingine.

Tuanze na msomaji wa kwanza, kwa kuwa umbo lilimdanganya. Roland Thaxter alikuwa mtaalamu wa kuvu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani. Alimtenga kiumbe huyu kutoka kwenye viazi vyenye upele, na mwaka 1891 akawa amempa jina: Oospora scabies. Oospora ni ukoo wa kuvu. Kosa hilo lina heshima yake, maana kiumbe huyu hukua kwa nyuzinyuzi zinazotawanyika kama ukungu wa mkate, kisha ncha zake hujisokota mfano wa skrubu na kukatika kuwa mnyororo wa vijimbegu vya kijivu. Mtu yeyote mwenye hadubini ya zama zile angeapa kuwa ni kuvu. Lakini nyuzi hizo ni nyembamba kuliko za kuvu, na ndani yake hamna kiini cha seli. Ni bakteria aliyevaa kanzu ya ukungu.

Kosa hilo bado limo ndani ya jina. Mwaka 1943 Waksman na Henrici waliunda jenasi ya Streptomyces kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuvu lililosokotwa. Mwaka huohuo, katika maabara ya Waksman, Albert Schatz alitenga streptomisini kutoka kwa ndugu wa bakteria huyu, dawa iliyokuja kutibu kifua kikuu. Ukoo huu ndio pia unaoupa udongo harufu yake mvua ya kwanza inapogonga vumbi. Wengi wao ni wastaarabu; wanaoshambulia viazi ni wachache sana kati ya mamia.

Lambert na Loria walifufua rasmi jina la Streptomyces scabies mwaka 1989. Miaka 8 baadaye wanasarufi wa Kilatini waliingilia kati wakasema umilikishi sahihi ni scabiei. Mwaka 2007 wataalamu wa ugonjwa wenyewe waliomba jina la zamani lihifadhiwe, kwa hoja kwamba limezoeleka. Anayejua ugomvi wetu wa istilahi, wa kamusi na mtaani, atatabasamu.

Mwaka huohuo wa 1989 ndipo utungo wenyewe ulipopatikana. King, Lawrence na wenzao, wakifanya kazi Fredericton, Kanada, walikamua tishu za viazi zenye upele na kutoa vitu vya manjano ambavyo, vikirudishwa kwenye kiazi kizima, vilizaa vidonda vilevile. Wakaviita thaksitomini, kwa kumbukumbu ya Thaxter. Sumu iliyofichwa ndani ya umbo ikapewa jina la yule aliyelisoma umbo hilo vibaya.

Sasa tuisome thaksitomini A yenyewe, taratibu, kama tunavyosoma ubeti.

Ina atomi 54: kaboni 22, hidrojeni 22, naitrojeni 4, oksijeni 6. Hesabu hiyo peke yake haisemi kitu, kama vile kujua kwamba ubeti una mizani 64 hakukuambii unahusu nini. Tazama mpangilio. Asidi amino mbili, triptofani na fenilalanini, zimeunganishwa mkono kwa mkono pande zote mbili hadi zikafunga pete ya atomi 6. Protini za kawaida ni mikufu mirefu yenye mwanzo na mwisho. Hii ina vipande viwili tu, na mwisho wake umerudi kushika mwanzo. Ni mshororo mmoja uliofungwa kuwa duara.

Na kila kitu kimekuja kwa jozi. Kila naitrojeni ya pete imevikwa kikundi kimoja cha methili, upande huu na upande ule. Oksijeni 6 zimegawanyika mbilimbili: mbili kwenye viungo vya pete, mbili katika vikundi vya haidroksili, mbili katika kikundi cha nitro. Karibu ungesema ni tarbia iliyopimwa kwa rula, kama si hicho kikundi cha nitro. Hakina mwenzake upande wa pili. Kimekaa juu ya kipande cha triptofani, katika nafasi ya 4, na ndicho kinachoipa sumu rangi yake ya manjano.

Hapa mhakiki hujiuliza swali lake la kawaida: kipi ni pambo na kipi ni nguzo? Kwa shairi la mtu tungebishana mpaka kuche. Kwa utungo huu jibu linaweza kupimwa, kwa kuondoa kitu kimoja na kutazama kiazi. Vikundi viwili vya haidroksili vimo katika kipande cha fenilalanini, navyo huongezwa mwishoni kabisa na kimeng'enya TxtC. Bakteria aliyeharibiwa jeni hiyo hutoa thaksitomini isiyo navyo, na bado ni sumu. Hayo basi ni mapambo, ya thamani lakini mapambo. Ukikiondoa kikundi cha nitro, au ukikiweka katika nafasi nyingine ya pete ya triptofani, sumu inakwisha. Atomi zote zipo, idadi ni ileile, ila kina kimeanguka mahali pasipo pake. Washairi wetu wana neno la utungo wa namna hiyo: guni.

Liko pia sharti la tatu, la mwelekeo. Asidi amino huja kwa maumbo mawili, la kushoto na la kulia, mfano wa kandambili mbili za jozi moja. Thaksitomini inataka vipande vyake vyote viwili viwe vya umbo la kushoto. Geuza kimoja na utapata kitu chenye atomi zilezile, viungo vilevile, uzito uleule, kisichokidhuru kiazi. Kama chai ipo, hapa imekwenda wapi? Hakuna kilichopunguzwa. Kilichobadilika ni upande ambao umbo linautazama.

Mpangilio wa utunzi nao unastahili jicho. Mtu angedhani bakteria huunga vipande viwili kwanza, kisha akapachika nitro juu yake, kama anayeandika ubeti kisha akatafuta vina. Sivyo anavyofanya. Kimeng'enya TxtD huchukua asidi amino iitwayo arijinini na kuitoa oksidi ya nitriki, gesi ileile ambayo mwili wa binadamu huitumia kulegeza mishipa ya damu. Kazi hiyo ilielezwa mwaka 2004. Kimeng'enya TxtE, kilichofafanuliwa mwaka 2012, huitwaa gesi hiyo pamoja na oksijeni ya hewa na kupachika nitro kwenye triptofani ingali peke yake. Ndipo TxtA na TxtB, vimeng'enya viwili vikubwa, vinapoziunga asidi amino mbili na kufunga pete. Mapambo ya TxtC huja mwisho. Kwa hiyo kina huchaguliwa kabla ya mshororo kuandikwa. Nawafahamu malenga wanaotunga hivyohivyo: huorodhesha vina pembeni mwa karatasi, kisha ndio waanze kusema wanachotaka kusema.

Turudi kwenye kitasa. Nani hukifungua?

Kitasa hufunguliwa na takriri. Glukosi, sukari ya kawaida kabisa, ni chakula cha bakteria huyu. Mpe hiyo katika chupa ya maabara na atakua vizuri huku utengenezaji wa sumu ukizuiliwa. Lakini unganisha glukosi mbili kwa kiungo cha selulosi, upate selobiosi, au tatu, upate selotriosi, na mambo hubadilika. CebR ikikamatwa na selobiosi huachia ule mshororo wa herufi 14. Jeni iitwayo txtR husomwa, na protini yake huamsha jeni za utunzi. Neno lilelile likisemwa mara moja ni chakula. Likirudiwa mara mbili ni habari.

Ndiyo maana watafiti walizoea kumlisha bakteria huyu oti ili atoe sumu kwa wingi: nafaka hiyo ina sukari zilizofungamana za namna inayomchochea. Na ndiyo maana chupa yenye glukosi tupu ilikuwa inakaa kimya.

Takriri yenyewe ina masharti ya umbo. Katika selulosi kila glukosi imepinduliwa nusu mzunguko kinyume cha jirani yake, hivyo uzi hunyooka kama katani iliyovutwa. Wanga nao ni glukosi tupu, lakini kiungo chake kimeelekea upande mwingine, na uzi wake hujipinda kama springi. Kiazi kimejaa wanga. Ungetarajia mwizi anukie ghala. Bakteria huyu amejifunza kunusa jengo: selulosi ndiyo ukuta wa seli, na vipande vya selotriosi huvuja kutoka kwenye tishu changa inayokua, inayojenga kuta zake saa hiyohiyo. Ujumbe anaoupata ni wa fundi aliyepita njiani akasikia mwiko ukigonga tofali. Hapa wanajenga.

Na akishasikia, anajibu kwa nini? Kwa kitu kinachozuia ujenzi. Thaksitomini huuzuia mmea usitengeneze selulosi. Mwaka 2003 hilo lilionyeshwa katika mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis. Mche uliopewa sumu hii hudumaa, na seli zake, badala ya kurefuka, huvimba. Sababu ni nyepesi kuiona: selulosi ndiyo inayoilazimisha seli inyooke, ikue kwa urefu wake na si kwa mapana. Selulosi ni arudhi ya seli. Ikiondolewa, kilichomo ndani hutuna kila upande, kama maji ndani ya mfuko wa nailoni. Sumu ambayo nguvu zake zote zimo katika umbo inakwenda kuvunja umbo la mwenzake.

Kuna zaidi. Tishu iliyoguswa na thaksitomini huvujisha selotriosi kwa wingi kuliko kabla. Yaani jibu linazaa swali lilelile lililolileta, na swali linaita jibu tena. Kitu kinachorudi mwisho wa kila ubeti na kuurudisha ubeti unaofuata kinajulikana kwa jina: kibwagizo. Ni nadra kuona kibwagizo kinachojitunga chenyewe.

Nimelitumia neno utungo muda wote huu, na msomaji makini atakuwa ameshakunja uso. Utungo wa nani? Bakteria hana nia, hana kalamu. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linawagusa wahakiki wa ushairi wa diwani kuliko sisi tuliolelewa na fasihi simulizi. Methali haina mtunzi tunayemjua. Imepita vinywani, kila kinywa kikakwangua neno lililozidi, hadi likabaki umbo ambalo huwezi kulitoa silabi. Hapa kilichokwangua ni uteuzi wa asili. Na kama methali, utungo huu husafiri. Jeni za thaksitomini hukaa katika kisiwa cha DNA, na kisiwa hicho huweza kuhama. Katika Streptomyces turgidiscabies, aliyeelezwa kutoka Japani, kisiwa hicho kina herufi zipatazo 660,000, na maabara imekishuhudia kikihamia kwa bakteria jirani. Streptomyces acidiscabies, aliyepatikana kaskazini mashariki mwa Marekani, naye anayo maandishi ya thaksitomini, ila yeye huyasomea katika udongo mchachu ambamo S. scabies hafurukuti. Utungo ni mmoja, waimbaji ni wengi.

Mpaka hapa nimemsoma bakteria. Sijamsoma kiazi.

Kimoja kipo mezani ninapoandika. Kina madoa matano. Kubwa lao lina upana wa kifungo cha shati. Kingo zake zimeinuka, katikati pamedidimia, na pamepasuka kwa mistari inayokutana kama nyufa za kisigino. Nikikwaruza kwa ukucha hutoka unga mkavu wa kahawia, mwepesi, usio na harufu. Kwa muda mrefu nilidhani huo ndio mwandiko wa bakteria. Sivyo. Ule unga ni gome, tishu ya namna ya kizibo cha chupa, na aliyeuweka pale ni kiazi mwenyewe. Bakteria alipenya kwenye tundu la kupumulia, ganda lingali changa, akaacha sumu yake. Kiazi kikazungushia jeraha ukuta wa gome ili kulitenga. Bakteria akapita chini yake, kiazi kikajenga ukuta mwingine chini zaidi. Kila tabaka ni ubeti wa kujibu. Tunachokiita upele ni malumbano yaliyokauka, na sehemu kubwa ya maneno yaliyobaki ni ya aliyeshambuliwa.

Ukisoma hivyo, ushauri wa mabwana shamba unaacha kuwa orodha na kuwa na mantiki. Wanasema shamba lisikauke katika wiki chache za mwanzo tangu viazi vianze kujitunga chini, kwa sababu huo ndio wakati pekee ambao ganda linajengwa na mlango uko wazi. Udongo ukiwa na unyevu, bakteria wengine huwahi kujazana kwenye matundu hayo. Ganda likishakomaa, hata udongo uwe na S. scabies tele, hakuna wito wala jibu. Wanasema pia usimwage chokaa ovyo, kwa kuwa chini ya pH 5.2 upele wa kawaida hupungua sana. Hakuna anayezungumzia kummaliza bakteria huyu, mkaaji wa udongo tangu zamani. Wanachofanya ni kumnyima hadhira.

Kiazi hiki nilikipata sokoni Mbeya. Mama muuzaji alikuwa na mafungu mawili: moja la viazi laini, ganda linang'aa, na jingine la vyenye madoa, sado moja kwa bei ya chini kabisa. Nilipolisogelea fungu la pili alinitetea bidhaa yake kabla sijauliza.

"Hivyo ni ganda tu, mwanangu. Menya kwa unene, ndani vizima."

Alisema kweli. Upele huu haumdhuru mlaji, na nilipokata kimoja nyama yake ilikuwa njano safi. Ganda tu: ndivyo asemavyo mwenye kikombe na chai. Nikamuuliza, kama ni ganda tu, mbona bei si moja? Akacheka, akanipimia sado, akaongeza viwili juu.

"Bei ni ya ganda," akasema. "Ndani nani amekuona?"